Je, hamira ya lishe ina nafasi katika mlo wa vyakula vibichi?

Kwa wakazi wa Buluk, jijini Juba, chakula kilichochachuka si jambo geni. Unga wa mtama huchanganywa na maji, ukaachwa uumuke, kisha ukatandazwa juu ya chuma cha moto na kuwa kisra. Chachu hufanya kazi yake, halafu hufa motoni.

Wafuasi wa mlo wa vyakula vibichi huukataa moto huo. Kwa kawaida hawali chakula kilichopashwa joto linalozidi nyuzi 40 hadi 48 za Selsiasi. Hata hivyo, wengi wao hunyunyizia saladi hamira ya lishe, yenye rangi ya manjano na ladha inayokaribia jibini. Je, hawajipingi?

Hutengenezwaje?

Hamira hii ni kuvu aina ya Saccharomyces cerevisiae, ile ile inayoumua mkate. Hukuzwa kwa molasi ya miwa au viazisukari, huvunwa, huoshwa, kisha huuliwa kwa joto na kukaushwa. Kwa kipimo cha joto, basi, si chakula kibichi. Baadhi ya wanaoitumia huihesabu kuwa kiungo cha pekee kinachoruhusiwa, si sehemu ya kanuni yao.

Hamira hai ya mkate si mbadala wake. Ikiliwa mbichi, huweza kuendelea kuchachuka tumboni na kuleta gesi.

Kwa nini basi huliwa?

Sababu kubwa ni vitamini B12. Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku, na mimea haina vitamini hiyo kwa kiwango cha kutegemewa. Ikipungua kwa muda mrefu, huleta upungufu wa damu na kudhuru mishipa ya fahamu.

Lakini hamira yenyewe haitengenezi B12, huongezwa kiwandani. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa hana budi kusoma maandishi ya pakiti. Pakiti isiyotaja B12 haimkingi.

Hatari iliyo karibu zaidi

Mjini Juba, swali zito zaidi ni usalama wa chakula kibichi chenyewe. Kaya nyingi hununua maji yanayoletwa kwa malori kutoka Mto Nile, na Oktoba 2024 nchi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu. Mboga iliyooshwa kwa maji machafu huweza kubeba maradhi hayo. Maziwa mabichi nayo yana B12, lakini huweza kueneza brusela, ugonjwa utokao kwa mifugo.

Shirika la Afya Duniani hushauri kutumia maji salama, kuosha mikono na kupika chakula kikaiva. Kwa atakaye matunda na mboga mbichi, njia ya busara ni kuviosha kwa maji yaliyotibiwa au kuchemshwa, na kumenya vinavyomenyeka.

Hamira ya lishe, basi, yaweza kuziba pengo la B12 ikiwa imeongezewa. Haiwezi kuchukua nafasi ya maji safi.