Mkutano wa Uwanjani na Ondoleo la Dhambi: Desturi za Uamsho katika Kasulu na Kibondo

Mavuno ya maharage na mahindi yakisha kuingia nyumbani na mvua kukatika, makundi ya Wakristo huonekana katika njia za Buha wakienda kwenye mkutano mkubwa wa uamsho. Wengine hutembea kwa miguu, wengine hupanda malori, na karibu wote huimba. Hakuna jengo la kanisa litakalowatosha. Ndiyo maana hukutana uwanjani. Katika makala hii tunakusudia kueleza asili ya mikutano hii na maana ya desturi zake, kisha kuuliza swali moja linalotuhusu sisi Walutheri: mtu akisha kuungama mbele ya umati, ni nani amtangazie kwamba amesamehewa?

Asili yake

Mwishoni mwa Desemba 1933 wahubiri, walimu na watumishi wa hospitali walikusanyika Gahini, Rwanda, kwa mafundisho ya Biblia. Siku ya mwisho maombi ya kawaida yaligeuka kuwa maungamo ya muda mrefu. Septemba 1935 timu iliyokuwa na Blasio Kigozi na daktari Joe Church ilihubiri Kabale, Uganda, na mji huo umekuwa ukilikumbuka tukio hilo kwa mkutano mkubwa kila baada ya miaka kumi. Kufikia 1939 uamsho ulikuwa umefika Katoke, magharibi ya Ziwa Viktoria. Walutheri wa Bukoba nao waliupokea. Askofu Josiah Kibira, Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, alikuwa mmoja wa ndugu wa uamsho huo.

Buha inapakana na Burundi, na Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Basi ushuhuda uliweza kuvuka mpaka bila mkalimani. Kanisa la Anglikana ndilo lililoupa uamsho makao katika nyanda hizi. Dayosisi yake ya Western Tanganyika ilianzishwa mwaka 1966, makao yake yakiwa Kasulu, na askofu wake wa kwanza, Musa Kahurananga, alikuwa baadaye Askofu Mkuu wa Tanzania.

Desturi na maana yake

Kwanza ni timu. Kabla ya mkutano viongozi hukaa pamoja kwa maombi, wakitafuta neno litakaloongoza siku zote, na wakiungamana wao kwa wao. Anayetaka kuwaita wengine nuruni sharti aanze yeye mwenyewe, kama inavyofundisha 1 Yohana 1:7.

Pili ni ukarimu. Wageni hulala katika nyumba za waumini na madarasa ya shule, na chakula hutoka katika mavuno yale yale yaliyokwisha kuvunwa. Mwenye shamba kubwa na mjane mwenye kikapu kimoja hula chungu kimoja.

Tatu ni ushuhuda. Mtu husimama, mwanamume au mwanamke, msomi au asiyejua kusoma, akasema alivyokuwa na jinsi Yesu alivyomkuta. Akimaliza, umati huimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ambao umevuka lugha zote za uamsho, na ndugu humkumbatia.

Neno la toba na neno la msamaha

Hapa ndipo tunapopaswa kutafakari. Katekisimo Ndogo ya Luther hufundisha kwamba maungamo yana sehemu mbili: kuungama dhambi, na kupokea ondoleo kama neno la Mungu mwenyewe. Mkutano wa uwanjani umeitunza sehemu ya kwanza kwa bidii inayotuaibisha sisi ambao vyumba vyetu vya maungamo vimebaki vitupu. Hata wimbo ule, ukipimwa vizuri, ni jibu la ukuhani wa waamini wote: unamtukuza Mwana-Kondoo ambaye damu yake husafisha. Lakini wimbo haumtaji mtu kwa jina. Mwenye dhamiri iliyojeruhiwa aweza kurudi nyumbani akijiuliza kama machozi yake yalitosha, na mwaka ujao akasimama tena kuungama dhambi ile ile. Hapo neema imekwisha kugeuzwa kuwa sheria mpya.

Tena si kila dhambi ni ya uwanjani. Mume akitaja uzinzi wake hadharani, amemfunua pia mwanamke asiyekuwapo, na mkewe hana pa kujificha. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 11, linataka ondoleo la faragha litunzwe, na linasema kwamba si lazima kuorodhesha makosa yote. Kifungu hicho ni ulinzi kwa walio dhaifu.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Gahini iko Rwanda, nchi ambayo mwaka 1994 iliona mauaji ya kimbari, na miongoni mwa wauaji walikuwamo watu waliobatizwa. Yawezekana kuungama pombe na wizi wa kuku mwaka baada ya mwaka, huku chuki ya kabila ikikaa moyoni bila kutajwa. Swali hili halikubaki ng'ambo ya mpaka. Vita vya Burundi vilivyoanza 1993 viliwaleta maelfu ya wakimbizi katika kambi za Kasulu na Kibondo, ambako TCRS, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 kwa msaada wa Fungamano letu, lilitumika. Kambini pia watu walimwabudu Mungu chini ya miti. Mkutano unaowakusanya wenyeji na wakimbizi lakini usithubutu kuitaja chuki haujatembea bado nuruni.

Hitimisho

Hatusemi mikutano hii ikomeshwe. Tunasema mchungaji asiiangalie kwa mbali. Akae na timu mapema, ahimize kwamba dhambi ya jamii nayo itajwe, na kila jioni awepo mahali pa faragha panapojulikana, ili aliyeungama amwendee. Hapo amwekee mkono kichwani, amwite kwa jina, na kumwambia wazi kwamba kwa ajili ya Kristo dhambi zake zimeondolewa. Ndivyo msafiri atakavyorudi Kibondo akiwa na neno la kushika, hata siku ambayo machozi yatakuwa yamekauka.