Sikukuu Ikija, Jaza Mtungi Kwanza

Wasomaji wetu wa Majengo, kwetu sikukuu hazikosi. Idd ikipita yaja Diwali, mara Noeli na Mwaka Mpya, na katikati kuna arusi. Watu hula sahani moja bila kuulizana dini, na watoto wao hulipua fataki pamoja. Hatuandiki kuwanyima furaha. Twataka kuzungumza juu ya maji.

Katika kutembelea nyumba, mwaka mmoja tulimkuta mtoto wa miaka tisa ameungua kiganja. Fataki ilikataa kulipuka usiku. Asubuhi akaiokota mtaroni akaitia kiberiti tena. Mamake alikimbilia bomba, bomba kavu. Jirani akaleta dawa ya meno, mwingine unga wa ngano, wote kwa huruma. Kule zahanati muuguzi ilimbidi aondoe uchafu huo wote kwanza, na mayowe ya mtoto tuliyasikia hadi nje.

Ngozi iliyoungua huendelea kuiva ndani hata moto ukishazimika, kama wali ulioepuliwa. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni maji safi, baridi ya kawaida na wala si barafu, yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20. Hata saa nzima ikiwa imepita, bado yafaa. Sasa, bomba zetu twazijua. Lakini mtungi mmoja wa lita 20, ukimwaga lita moja taratibu kila dakika, watosha dakika 20 kamili. Hesabu ndiyo hiyo. Mwenye pesa ya fataki hakosi ya mtungi mmoja kwa mtu wa mkokoteni. Maji ya chumvi ya kisima yawekwe kando kwa kuzimia moto, na ndoo ya mchanga pia.

Mvueni pete na bangili kabla mkono haujavimba. Nguo iliyonata kwenye ngozi msiibandue, malengelenge msiyapasue. Funikeni kwa kitambaa safi, basi. Akiungua uso, mkono au sehemu za siri, au jeraha likizidi kiganja chake mwenyewe, mpelekeni hospitali kama Coast General usiku huohuo, msingoje kuche.

Kuna zile fataki za kushika mkononi, zinazomwaga nyota. Wazazi huwapa wadogo ati hazina neno. Jamani! Maji huchemka kwa digrii 100. Fataki hiyo hupita 1,000. Na wale wanaofunga waya wa kusugulia sufuria kwenye kamba, wakauwasha na kuuzungusha, cheche zake huruka mbali, na uani bado kuna mabanda ya makuti. Gauni la sikukuu la nailoni nalo haliungui tu, huyeyuka likagandia mwilini. Nguo ikishika moto, mtoto asikimbie: mlazeni chini mumviringishe, au mfunikeni na blanketi zito.

Vijana wanaochoma matairi mkesha wa Mwaka Mpya, na wapishi wa biriani wanaokoka kuni kichochoroni, neno letu kwao ni moja: mafuta ya taa hayamiminwi juu ya moto unaowaka. Kule Makunduchi, Unguja, katika Mwaka Kogwa watu huchoma kibanda cha makuti kila mwaka, lakini hukichoma uwanjani. Vichochoro vyetu gari la zimamoto halipiti, na nyumba yenye vyumba sita ina mlango mmoja wa mbele. Usiku huo ukumbi usizibwe na viti wala baiskeli.

Fataki iliyokataa kulipuka isiinamiwe wala kuwashwa tena. Ngojeni kama nusu saa, muimwagie maji mkiwa mbali kidogo, kisha muitose kwenye ndoo ya maji ilale humo hadi asubuhi. Na atakayeamka kwanza kesho yake achukue ufagio, apite mtaroni na chini ya baraza, kabla watoto hawajatoka.