Mkono wa Mtoto na Daftari la Kocha
(Besiboli kwa vijana: sehemu ya pili)

Sehemu iliyopita ilieleza jinsi besiboli inavyochezwa. Leo tumwangalie anayeifundisha, kwani mchezo huu, ambao hapa nchini umejikita zaidi Dar es Salaam, hasa tangu uwanja wake ulipofunguliwa Shule ya Sekondari Azania mwishoni mwa 2018, hautafika salama Mwanza kwa kugawa magongo na glovu tu. Ninachodai ni hiki: kocha wa watoto apimwe kwanza kwa mambo mawili yaliyomo kwenye daftari lake, yaani umri wa kweli wa kila mchezaji na idadi ya mipira aliyorusha. Vikombe vije baadaye. Kocha asiyeyajua hayo mawili, hata akishinda kila mechi, hajui anawafanyia nini watoto wa watu.

Kuhusu umri hatuna haja ya kwenda mbali; tuvuke Ziwa Victoria tu. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Kampala ilishinda nchini Poland mashindano ya kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika, ikapata tiketi ya kwenda Williamsport, Marekani, kwenye fainali za dunia za Little League, shirika la besiboli ya watoto. Haikwenda. Ilinyimwa viza kwa sababu maelezo ya umri na kuzaliwa kwa baadhi ya watoto hayakulingana. Mwaka uliofuata walikwenda watoto wa Lugazi, mji ulio kati ya Kampala na Jinja, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali hizo, na wakaishinda timu ya jimbo la Oregon 3-2. Miaka kumi baadaye, mwaka 2022, vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walisajiliwa na timu ya kulipwa ya Marekani, Los Angeles Dodgers. Vipaji vya 2011 vilikuwepo. Vilikwamishwa na makaratasi. Nasi tatizo hilo tunalijua vizuri. Mwanza imewahi kuwa mwenyeji wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, na hakuna mwalimu wa michezo wa kanda hii asiyejua maana ya kijeba, yaani mchezaji aliyezidi umri anayejifanya mtoto. Kwenye soka kijeba humnyang'anya mtoto nafasi. Kwenye besiboli humrushia mtoto wa miaka 11 mpira mgumu kwa nguvu za mtu mzima, tena kutoka umbali uliopimwa kwa ajili ya watoto. Na mtoto aliyeongezewa miaka ili aingie timu ya wakubwa huruhusiwa kurusha mipira ambayo mkono wake hauiwezi.

Hapo ndipo jambo la pili linapoingia. Kwenye kiwiko na bega la mtoto kuna sehemu ambazo mfupa bado unakua, na sehemu hizo ni gegedu, laini kuliko mfupa uliokomaa. Kila mrusho wa nguvu huzivuta. Mrusho mmoja hauna neno. Mamia yasiyo na mapumziko ndiyo yanayodhuru. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia warushaji 481 wa umri wa miaka 9 hadi 14 kwa miaka kumi, na matokeo yao ya 2011 yalionyesha kuwa waliorusha zaidi ya zamu 100 za mchezo kwa mwaka walikuwa na hatari ya kuumia vibaya mara tatu na nusu ya wenzao. Tangu 2007 Little League imeweka ukomo kwa siku: mipira 75 kwa mtoto wa miaka 9 na 10, mipira 85 kwa wa 11 na 12. Asiyezidi miaka 14 akishafikisha mipira 66, hapandi tena kurusha mpaka siku nne zipite.

Nitaambiwa kwamba watoto wa ziwani ni wagumu, wamekulia kwenye makasia na nyavu. Ugumu wao siukatai, ila misuli ndiyo hukomaa kwa kazi. Gegedu ya mfupa hungoja umri, na msuli wenye nguvu huivuta zaidi. Hoja hiyo kwa kweli inaniunga mkono. Chukua mwalo kama wa Igombe. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kisha asubuhi ndoo zinabebwa na dagaa wanaanikwa, na watoto husaidia. Mtoto aliyebeba ndoo tangu alfajiri anafika mazoezini jioni na bega lililokwisha kuchoka. Kwa hiyo kocha wa Mwanza aufuate mwezi kama wavuvi wanavyoufuata: mazoezi mazito ya kurusha ayaweke siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa inapopumzika, na siku za giza afundishe kukimbia, kudaka na kupiga.

Wengine watanitajia Japani, iliyotuletea mchezo huu na inayosifika kwa uvumilivu wa vijana wake. Ni kweli, mwaka 1998 Daisuke Matsuzaka alirusha mipira 250 katika mechi moja ya mashindano ya shule, na taifa zima likamshangilia. Mwaka 2011 alipasuliwa kiwiko. Mwaka 2018 mwanafunzi mwingine, Kosei Yoshida, alirusha mipira 881 katika mashindano yale yale, na safari hii shangwe zilichanganyika na maswali mazito. Kuanzia 2020 mashindano hayo yameweka ukomo wa mipira 500 kwa wiki kwa kila mrushaji. Kama Wajapani wenyewe wamebadilika, sisi tunaoanza hatuna sababu ya kushika desturi waliyoiacha.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya kocha mwenye mrushaji mmoja tu: akimpumzisha, timu inafungwa. Itafungwa kweli, pengine msimu mzima. Lakini ukomo huo utamlazimisha afundishe warushaji sita badala ya mmoja, na atawapata hata asikotazamia. Wasichana wanaocheza rede kila jioni wanajua kulenga na kurusha kwa haraka kuliko wavulana wengi waliozoea mpira wa miguu. Kazi ya kuhesabu apewe mchezaji wa akiba mwenye daftari la shule na kalamu, achore mstari mmoja kwa kila mpira, na kocha alitazame daftari kabla hajatazama matokeo.