Saa ya London, Jua la Tunduma

Katika karne ya 18 mafundi saa wa London walijua vizuri mteja wao wa Istanbul anataka nini. Alitaka tarakimu za Kiarabu badala ya za Kirumi, uso wa shaba ya manjano iliyong'arishwa, sanduku lililobandikwa magamba ya kasa, na ikiwezekana hilali kileleni. Sura za watu hakuzitaka. Basi kwenye tao la uso wa saa, fundi mara nyingi alichora merikebu na bahari, na mambo yakaenda. Markwick Markham, George Prior na Isaac Rogers walijenga majina yao katika soko hilo, na majina yakapendwa mno hata mafundi wa Uswisi wakaanza kuyaandika kwenye saa zao wenyewe za mfukoni. Mtu aliyewahi kununua simu Tunduma, mpakani na Zambia, hahitaji kuelezwa zaidi.

Ndani ya sanduku hakukuwa na Uturuki wowote. Springi iliyojazwa huvuta kwa nguvu, na ikikaribia kuisha hulegea. Ili saa isikimbie asubuhi na kujikokota jioni, fundi aliiunganisha springi kwa mnyororo mwembamba na koni ya shaba yenye mifereji. Mnyororo huanza kuvuta kwenye ncha nyembamba ya koni, springi ikiwa na nguvu zake zote, na humalizia kwenye kitako kipana pale inapochoka. Ni kazi ya akili nyingi, na ilikuwa ileile kwa saa iliyobaki Uingereza na kwa iliyopakiwa melini. Mashine iligawa siku katika saa 24 zilizo sawa, bila kujali siku hiyo imeanzia wapi.

Kwa Waosmani siku ilianza magharibi. Jua likizama, mishale yote miwili ilitakiwa iwe kwenye 12. Tatizo ni kwamba Istanbul, kati ya Desemba na Juni, wakati wa kuzama jua husogea kwa karibu saa tatu nzima. Kwa hiyo saa nzuri ya London, iliyosifiwa kwa kutokosea, ilibidi ikosolewe kwa mkono mara kwa mara. Pembeni mwa misikiti mikubwa palikuwa na chumba cha mtunza wakati, ambaye alilitazama jua kwa vyombo vyake na kuzirekebisha saa za Kiingereza zilizokuwa mbele yake. Mwingereza aliuza mashine tu. Mwenye amri juu ya saa kumi na mbili alibaki kuwa mtunza wakati.

Karibu na sisi, mapenzi ya saa yalikuwa Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza vyumba vya majumba ya kifalme vilivyopambwa kwa vioo na saa, nyumba nyingine zikiwa na saa nyingi kuliko mahitaji ya mtu yeyote anayetaka kujua wakati. Lakini Unguja iko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, na jua lake ni la adabu: mwaka mzima linazama karibu wakati uleule. Hakukuwa na haja ya kugusa mishale wala ya kuagiza uso maalumu. Mswahili aliichukua saa ya Mzungu kama ilivyo na kuisoma kwa namba inayotazamana na mshale. Mshale uko kwenye 7, mdomo unasema moja. Watoto wetu hujifunza hilo kabla ya kujua kuzidisha, na mgeni hulalamika mwezi mzima.

Hata vita vilipita ndani ya tofauti hiyo. Waingereza walimpa Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani wa Unguja, hadi tarehe 27 Agosti 1896 saa tisa kwa hesabu yao awe ameondoka kasrini, yaani saa tatu asubuhi kwa watu wa kasri. Mizinga ilianza dakika mbili baadaye, na hesabu inayotajwa mara nyingi inasema yote yalikwisha kwa dakika 38. Mwaka uliofuata jumba la kifalme la Beit al-Ajaib lilijengewa mnara wa saa kwenye uso wake wa mbele. Ulisimama hadi tarehe 25 Desemba 2020, ulipoporomoka pamoja na sehemu ya jengo.

Sasa tupande hadi Tunduma, ambako mpango huu mzuri wa pwani unaanza kuchechemea. Saa ya Tanzania inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu na Mayotte na usioigusa ardhi ya Tanzania hata kwa bahati mbaya. Tunduma iko karibu na nyuzi 33. Kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo jua la Tunduma liko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 49 hivi. Saa kumi na mbili jioni, wakati ambao kwa asili ya hesabu yetu mchana ungekuwa umekwisha, wachuuzi bado wanapambana na jua la machoni, na halizami kabla ya saa kumi na mbili na nusu mwezi wowote wa mwaka. Ng'ambo, Nakonde, wanafuata nyuzi 30. Saa ya Zambia inapishana na jua la Tunduma kwa dakika kumi na kidogo tu. Kwa mizani ya jua, mkweli ni jirani.

Mpaka wenyewe, uliokubaliwa Julai 1890 na kupimwa na tume ya Waingereza na Wajerumani mwaka 1898, haukuzingatia kero hizo. Leo mfanyabiashara wa Nakonde akisema kwa Kiingereza tuonane saa tisa asubuhi, mwenzake wa Tunduma anaondoa sita, anaongeza moja, na kufika saa nne. Dereva wa lori aliyekaa kwenye foleni hahangaiki na hesabu hiyo, akiambiwa saa nne, anauliza tu, "Ya huku au ya ng'ambo?"

Ramadhani ndipo mambo yanapokuwa mazito. Jua huzama Dar es Salaam kama dakika 25 kabla ya Tunduma, kwa hiyo anayefungua kwa adhana ya redio ya Dar amekula mchana. Saa za kidijitali za misikitini, zile za tarakimu nyekundu, hupanga nyakati tano za swala kwa mji uliochaguliwa na aliyezifunga. Akichagua Dar es Salaam kwa uvivu, msikiti mzima unafuturu huku jua lingali juu ya Nakonde.