Wanaolipa Kariakoo hawamo kikaoni

Mvua za masika zinapoanza, wenye maduka ya chini katika mitaa ya Kariakoo huwa na kazi moja ya ziada kabla ya kufungua biashara. Huinua marobota ya vitenge na kuyaweka juu ya mbao, husogeza maboksi mbali na mlango, kisha husimama kibarazani kutazama maji. Mtaro ukiziba barabara hujaa, chemba hufumuka, na kirikuu iliyobeba mzigo wa mteja wa mkoani hukwama katikati ya njia. Mauzo ya siku hiyo ni haba, lakini kodi ya fremu na marejesho ya benki hayaulizi kama mvua ilinyesha.

Leo ukurasa huu unaacha kidogo bei za bidhaa na kutazama jambo linalozigusa bei zote: maombi ya maendeleo yanayopelekwa Jiji. Mtaro, taa za barabarani, mahali pa kushushia mzigo, vyoo na bomba la kuzimia moto vyote ni gharama za biashara. Jiji lisipozilipa, mfanyabiashara huzilipa kwa njia nyingine: mzigo ulioloa, mteja aliyegeuza na mlinzi wa ziada.

Swali ni kwa nini eneo lenye fedha nyingi kama Kariakoo huomba kwa sauti kubwa na kupata polepole. Sababu ziko nyingi, na uzembe wa ofisi za umma ni mojawapo. Lakini iko moja isiyosemwa sana: wengi wa wanaolipa ushuru Kariakoo hawaishi Kariakoo.

Mwenye duka si mkazi

Kwa utaratibu wa serikali za mitaa nchini, mipango ya maendeleo hutakiwa kuanzia chini. Mkutano wa mtaa hutaja mahitaji, Kamati ya Maendeleo ya Kata huyapanga, na Baraza la Madiwani huamua yapi yaingie katika bajeti. Hata mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000, umejengwa juu ya ngazi hizo hizo.

Ngazi ya kwanza ni ya wakazi. Anayehudhuria mkutano wa mtaa kwa haki ni mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na anayemchagua mwenyekiti wa mtaa ni yule aliyejiandikisha pale anapoishi. Ndivyo ilivyokuwa katika uchaguzi wa Novemba 27, 2024. Mwenye duka la Mtaa wa Congo anayelala Mbagala alipiga kura Mbagala. Wa Mtaa wa Aggrey anayelala Kimara alipiga kura Kimara.

Hali hiyo haikuwa na uzito mkubwa zamani. Kariakoo ilikuwa mji wa nyumba za Kiswahili, za vyumba na ukumbi wa katikati, ambako mwenye nyumba aliishi, alipangisha na kuuza bidhaa barazani. Leo nyingi ya nyumba hizo zimekuwa ghorofa za maduka na stoo. Usiku watu huondoka na mzigo ukabaki. Mtaa wenye mamia ya maduka unaweza kuwa na wakazi wachache, na mahitaji yanayotajwa mkutanoni huwa ya hao wachache. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Kwa upande wa malipo hali ni kinyume kabisa. Ushuru wa huduma unaokwenda halmashauri umetozwa kwa miaka mingi kwa kiwango cha asilimia 0.3 ya mauzo. Tuchukue mfano wa duka linalouza Sh 500,000 kwa siku, kwa siku 300 za mwaka. Mauzo yake ni Sh milioni 150, na ushuru kwa kiwango hicho ni Sh 450,000. Maduka 30 ya aina hiyo katika kipande kimoja cha mtaa yatalipa Sh milioni 13.5 kwa mwaka, bila kuhesabu leseni na ada nyingine. Fedha hiyo haitoshi kujenga barabara, lakini inatosha kumpa mlipaji haki ya kusikilizwa.

Mlango upi?

Tatizo la pili ni kubisha hodi nyumba isiyo yake. Neno "Jiji" limebadilika maana mara kadhaa. Mwaka 1996 Serikali ilivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Mwaka 2000 zikaundwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, na Halmashauri ya Jiji ikabaki juu yake. Februari 24, 2021, Rais John Magufuli aliivunja halmashauri hiyo na kuipandisha Ilala kuwa Jiji. Kwa hiyo Kariakoo iko ndani ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo ndiyo iliyokuwa Ilala.

Hata hivyo, si kila kitu kilichoko barabarani ni cha halmashauri hiyo. Barabara za mitaa na mitaro yake ziko chini ya TARURA, iliyoanza kazi Julai 2017. Maji safi na majitaka ni ya DAWASA. Njia za mabasi yaendayo haraka ni za DART. Soko kuu lina shirika lake, Shirika la Masoko ya Kariakoo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974. Zimamoto wako Wizara ya Mambo ya Ndani, na kodi ya mapato na VAT ni ya TRA.

Matokeo yake ni kwamba barua moja inayolalamikia mtaro, chemba, giza na kodi huzunguka ofisi nne, na kila ofisi hujibu kwa haki kabisa kwamba sehemu kubwa ya barua si yake. Wenye uzoefu huandika barua fupi kwa kila ofisi, moja kwa jambo moja, na nakala kwa diwani.

Mafunzo ya miaka ya nyuma

Dar es Salaam ina historia ndefu ya wananchi kuidai halmashauri yao, na mifano mitatu inatosha kuonyesha gharama ya kila njia.

Wa kwanza ni Tabata. Wakazi waliochoshwa na moshi na harufu ya jalala la Jiji walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988 mahakama iliamuru Jiji liache kutupa taka hapo. Jiji liliomba muda. Mwaka 1991 lilipoomba tena, Jaji Lugakingira alikataa, akiegemea haki ya kuishi iliyomo katika Katiba. Wakazi walishinda, lakini kati ya amri ya kwanza na utekelezaji ilipita miaka. Taka zenyewe zilihamia Vingunguti, na wakazi wa huko nao wakaanza kulalamika. Mahakama iliweza kuzuia ubaya Tabata, lakini haikuweza kuupatia mji jalala jema.

Wa pili ni Hanna Nassif, Kinondoni, kando ya bonde la Msimbazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi walikuwa wakisumbuliwa na mafuriko. Mradi wa mitaro na barabara ulipoanza, kwa msaada wa UNDP na utaalamu wa ILO, wakazi waliunda chama chao, wakachangia, na wao wenyewe wakapewa sehemu ya kazi kwa mkataba. Ombi lilikwenda na mchango mkononi pamoja na watu wa kulisimamia. Kwa mfanyabiashara somo ni la kawaida: anayeweka mtaji wake husikilizwa kuliko anayekuja mikono mitupu.

Wa tatu ni Machinga Complex, karibu na Karume, Ilala, jengo lililokamilika karibu na mwaka 2010 kwa mkopo wa NSSF. Wachuuzi walikuwa wanataka mahali penye wapita njia. Walichojengewa ni ghorofa. Kwa miaka mingi vizimba vingi vilikaa bila wapangaji huku deni likikua, na wachuuzi wakarudi barabarani mpaka operesheni ya Oktoba 2021 ilipowaondoa tena. Fedha ilikuwepo na jengo lilikuwepo, lakini sauti ya mtumiaji haikuwepo ramani ilipochorwa.

Je, mgomo unalipa?

Kariakoo yenyewe imetumia njia ya nne. Mei 15, 2023 maduka yalifungwa kwa malalamiko dhidi ya kikosi kazi cha TRA na usajili wa stoo. Mei 17 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana na wafanyabiashara Mnazi Mmoja, na hatua zilizolalamikiwa zikasimamishwa. Juni 24, 2024 maduka yalifungwa tena kwa malalamiko ya kodi, na safari hii mgomo ukaenea hadi mikoani.

Kwa hesabu ya biashara, mgomo ni silaha kali na ya gharama. Huleta waziri ndani ya siku tatu, na huweza kusimamisha amri kwa tamko moja. Lakini hauwezi kujenga mtaro, kwa sababu mtaro unahitaji kifungu cha bajeti, zabuni na mkandarasi. Kilichoombwa mwaka 2023 kilikuwa ni kuacha jambo. Miradi ni kuomba jambo lifanyike, na jambo hilo hupita njia ya polepole zaidi.

Mteja wa Zambia au wa Kongo aliyekuta milango imefungwa hakungoja. Hasara hiyo haikugawanywa sawa: mwenye stoo tano alivumilia, na mwenye fremu ya mkopo alihesabu kila siku.

Kalenda ndiyo mtaji

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Bajeti ya halmashauri huanza kuandaliwa miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia, hupita Baraza la Madiwani mwanzoni mwa mwaka, na Bunge hukaa kati ya Aprili na Juni. Ombi la mtaro linalopelekwa Aprili, maji yakiwa ndani ya duka, limechelewa karibu nusu mwaka. Litapata huruma, pengine na gari la kuzibua. Fungu la fedha litangoja duru nyingine. Ombi hilo hilo likifika kwa mtendaji wa kata Septemba au Oktoba, jua likiwa kali na hakuna anayefikiria mvua, hukuta karatasi bado nyeupe.

Wafanyabiashara wa kipande kimoja cha mtaa, wakazi na wasio wakazi, wanaweza kukaa jioni moja na kukubaliana jambo moja tu. Waambatishe idadi ya maduka, jumla ya ushuru wa huduma waliolipa kwa stakabadhi, picha za mafuriko zenye tarehe, na kiasi wanachoweza kuchangia. Wamwendee mwenyekiti wa mtaa na wakazi waliobaki, kwa maana hao ndio wenye sauti mkutanoni. Mjane mwenye nyumba ya zamani ya vyumba sita anasumbuliwa na chemba ile ile. Akisimama yeye kusema, maneno yataandikwa kwenye muhtasari.

Mambo yasiyongoja bajeti

Yapo maombi ambayo kuyachelewesha ni kuhatarisha maisha. Soko kuu, kazi ya msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Serikali ilitoa zaidi ya Sh bilioni 28 kwa ukarabati na ujenzi mpya, na kazi iliyotazamiwa kwisha mwaka 2023 ikaingia mwaka 2025. Wakati wote huo wafanyabiashara wa ndani walikuwa wakijitafutia nje. Novemba 16, 2024 ghorofa moja la Kariakoo lilianguka likiwa na watu ndani, zaidi ya 20 wakafa, na Waziri Mkuu akaunda tume ya kukagua majengo ya eneo hilo.

Kwa mwekezaji mdogo anayetafuta fremu, habari hizi ni za soko kama zilivyo bei. Kabla ya kutoa kilemba, aulize kama jengo lina kibali, kama kuna uchimbaji wa chini unaoendelea, mlango wa dharura uko wapi, na maji ya masika yaliyopita yalifika wapi ukutani. Akiona mafundi wanachimba chini ya jengo lenye watu, apeleke taarifa kwa maandishi siku hiyo hiyo kwa mtendaji wa kata na kwa zimamoto, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Februari 2025 ulizinduliwa utaratibu wa biashara saa 24 Kariakoo. Ni fursa, lakini duka la usiku linahitaji taa, ulinzi, choo na usafiri wa kumrudisha mteja nyumbani. Vyote hivyo ni vifungu vya bajeti ya mtu fulani. Wakati wa kuviomba ni kabla vitabu havijafungwa, na mwombaji awe na stakabadhi zake mkononi.