Rangi za Kweli Katika Picha za Nje

Rangi ya kitu hutokana na mambo mawili yanayokwenda pamoja, yaani mwanga unaokiangukia kitu hicho na sehemu ya mwanga huo ambayo kitu chenyewe hakiifyonzi bali huiakisi hadi machoni. Mwanga wa nje haukai katika hali moja tangu macheo hadi machweo, ila ubongo wa binadamu husawazisha mabadiliko hayo bila mwenyewe kutambua, na ndiyo maana kanzu nyeupe huonekana nyeupe iwe juani au kivulini. Kamera ya dijitali haina ubongo huo. Hupokea mwanga jinsi ulivyo, kisha hulazimika kukisia ulikuwa mwanga wa aina gani, na picha nyingi zenye rangi za uongo huharibikia katika ukisiaji huo.

Wapigapicha hupima rangi ya mwanga kwa kelvini, kipimo kinachojulikana kama joto la rangi. Mwanga wa mshumaa uko karibu na kelvini 1,900, wa jua la mchana karibu na 5,500, wa anga lenye mawingu karibu na 6,500, na wa kivuli kilicho wazi kwa anga la buluu huweza kupita 8,000. Kadiri namba inavyopanda ndivyo mwanga unavyoelekea kwenye ubuluu, na kivuli huelekea huko kwa sababu hakipati miale ya jua moja kwa moja, bali hupata mwanga uliotawanywa na hewa, ambayo hutawanya zaidi mawimbi mafupi ya buluu kuliko mawimbi marefu ya nyekundu.

Hesabu ambayo kamera huifanya ili cheupe kitoke cheupe huitwa usawa wa weupe. Kamera ikiachiwa kazi hiyo yenyewe, mara nyingi hutegemea dhana kwamba rangi zote za picha zikichanganywa zitakaribia kijivu, dhana inayofaa penye rangi nyingi na kushindwa pale rangi moja inapotawala. Mfano ulio wazi ni tembo wa Tsavo nchini Kenya, ambao hujirushia vumbi la udongo mwekundu hadi ngozi yao ya kijivu ikawa nyekundu. Tembo mmoja wao na udongo wake wakijaza picha nzima, kamera huweza kuudhania wekundu ule kuwa kasoro ya mwanga, ikaupunguza kwa kuongeza ubuluu, na kile hasa kinachomtambulisha tembo wa Tsavo kikafutika. Dawa yake ni rahisi: kuchagua mpangilio wa mwanga wa jua, ambao haubadiliki kwa kutazama kilicho mbele ya lenzi.

Ngozi ya mtu inahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa kumgeuza mtu rangi ni kumkosea heshima. Mtu aliyeketi chini ya mwembe hupata ubuluu wa anga pamoja na ukijani wa mwanga uliopenya majani, na uso wenye rangi ya kahawia hutoka umepauka kama uliopakwa majivu. Hapo hutumika kadi ya kijivu, ambayo haielemei rangi yoyote: huwekwa karibu na uso, ikaelekea mwanga uleule, ikapigwa picha moja, kisha kamera ikaamriwa kuichukua kadi hiyo kuwa kijivu halisi. Karatasi nyeupe ya ofisini si mbadala mzuri, kwani nyingi hutiwa kemikali za kung'arisha zinazogeuza mionzi ya urujuanimno kuwa mwanga wa buluu.

Anayeweza kuhifadhi faili ghafi, yaani data ya kamera kabla ya kusindikwa, na afanye hivyo. Picha ya kawaida ya jpeg huwa na ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi, ilhali faili ghafi ya biti 14 huwa na ngazi 16,384, na usawa wa weupe huweza kurekebishwa baadaye bila hasara.

Hata hivyo, faili ghafi haiokoi rangi iliyofurika. Kisutu, khanga ya maharusi yenye wekundu, weusi na weupe, kikipigwa juani kwa mwanga mwingi, sehemu ya wekundu hufika kikomo kabla ya nyingine, ikawa bapa lisilo na mikunjo wala nyuzi. Inafaa kutazama mchoro wa viwango vya kila rangi peke yake na kupunguza mwanga mpaka nyekundu isigote ukingoni.

Zipo pia rangi ambazo kadi haizimudu. Maua ya mijakaranda ya Nairobi ni ya zambarau, lakini pichani mara nyingi hutoka ya buluu, kwa sababu vichujio vya rangi vilivyo juu ya kihisi cha kamera havigawi mawimbi ya mwanga sawasawa na jicho linavyoyagawa. Hapo mpigapicha hana budi kurekebisha zambarau peke yake katika programu, mbele ya skrini iliyopimwa rangi na kuzimiwa hali ya usiku inayoongeza umanjano, huku akiwa na ua lililookotwa siku hiyohiyo, kabla halijanyauka, na kulitazama kando ya dirisha mchana.