Shaba yetu iko ndani ya densi

Banduku wachimbaji, nyimbo mpya za disko na za elektroniki zingali zinatoka kwa disiki nyeusi, hata leo. Ni wimbo moja kila upande, inchi 12: njia ya sindano inakuwa pana, besi inapiga nguvu. Tom Moulton wa New York anahesabiwa kuwa mwanzilishi, miaka ya 1970.

Lakini munajua? Disiki zingine huchongwa kwanza ndani ya shaba, iliyopakwa juu ya bamba la chuma. Kutoka hapo wanatengeneza mihuri ya nikeli ya kukandamiza plastiki.

Basi batoto wakituuliza shaba inaenda wapi, tuwajibu: mingine inafika kwenye densi. Na mushahara unaochelewa, tukiudai, hatuombi zawadi. Ni haki ya kazi yetu.